Seva ya Prosesa Nne na Mayai ya Rongai

Niliweka msumari mahali pa fyuzi. Naanza na hilo ili anayetaka kuniita mtaalamu akome mapema, na pia kwa sababu jirani yangu Mama Jeruto ameapa kwamba nisipolisema mwenyewe, atalisema yeye kanisani wakati wa matangazo.

Ulikuwa msumari wa inchi moja. Niliukata kichwa kwa koleo, nikausugua kwa msasa mpaka ukaingia kwenye plagi vizuri kuliko fyuzi yenyewe, kisha nikajipongeza. Hapo ndipo panaponiuma nikikumbuka: nilijipongeza. Miaka ishirini na sita nilifanya kazi katika chumba cha kompyuta cha kiwanda kimoja cha kusaga nafaka hapa Nakuru, na kila kijana aliyeletwa kwangu kujifunza nilimwambia hivi kabla hata hajajua jina langu: fyuzi ikiungua inakuambia kitu, usiizibe mdomo. Mmoja nilimfukuza chumbani wiki nzima kwa kutia karatasi ya pakiti ya sigara mahali pa fyuzi. Siku hizi yeye ni mkubwa wa watu. Kama unasoma, ndugu yangu, cheka polepole, nina presha.

Nyinyi vijana mkisikia seva mnafikiria kitu kilicho mbali, hamjui kiko nchi gani, wala hamjali. Sisi yetu tulikaa nayo chumba kimoja. Tulijua sauti yake ikiwa na afya na sauti yake ikiwa na homa. Tulijua panya wake. Ilikuwa na ukubwa wa friji fupi, feni saba zilizonguruma kama mashine ya posho, visanduku vitatu vya kuingizia stima, na prosesa nne. Si kama hizi zenu za kushikwa kwa kucha. Kila prosesa ilivaa kasha jeusi la ukubwa wa kitabu cha nyimbo, na zote nne zilipangwa bega kwa bega kama wazee wa kanisa kwenye benchi la mbele. Na kama wazee hao, ninaowaheshimu sana, zilitoa joto zaidi kuliko kazi.

Wenzangu wakistaafu walipewa saa ya ukutani na blanketi. Mimi nilipoulizwa ninataka nini, nikaonyesha ile seva, ambayo ilikuwa imesimama kwenye korido miaka mingi ikingoja kuuzwa pamoja na vyuma kuukuu. Meneja alisogea karibu kidogo, nafikiri alikuwa anatafuta harufu ya pombe. Ilikuja mpaka nyumbani kwangu Free Area kwa mkokoteni, na mwenye mkokoteni alikataa kuondoka mpaka niape kwamba si sefu.

Mke wangu, Mama Akinyi, aliikubali sebuleni kwa sharti moja tu, kwamba ifanane na fanicha nyingine. Mnajua nyumba zetu. Kiti kisicho na kitambaa ni kama mtu aliyetoka nje bila shati. Aliifumia vitambaa viwili vyeupe vyenye maua pembeni, kimoja cha juu, kingine cha nyuma, na hicho cha nyuma kikafunika matundu yote ya kutolea hewa. Nilipoiwasha mara ya kwanza ilikaa dakika tisa, ikajizima. Nikafungua, nikafunga, nikasugua hiki, nikabadilisha kile, siku tatu nzima, mimi fundi wa miaka ishirini na sita. Ni Mama Akinyi aliyesema, akipita na birika la chai, kwamba labda inasikia joto. Kitambaa cha nyuma kikatoka. Cha juu kipo mpaka leo, na maua ya plastiki juu yake.

Sasa huyu Mama Jeruto. Tunaishi ploti moja, nyumba mbili zinazopakana ukuta, na stima yetu inakuja kwa waya mmoja kutoka kwenye nguzo. Kiungio cha huo waya kiko kwenye ukuta wangu. Hilo la kiungio msilisahau. Siku ya kwanza aliposikia mngurumo alikuja akasimama mlangoni, mikono kiunoni, akaiangalia seva kutoka kitambaa mpaka magurudumu. Akaniuliza inawaka? Nikamwambia kwa furaha kwamba inawaka.

"Na ikishawaka, inafanya nini?"

"Inakuwa imewaka."

"Haya," akasema, na akaenda zake. Nimesikia watu wengi wakisema haya maishani mwangu, lakini ile yake ilikuwa ya mtu anayefunga faili.

Katika ploti nzima aliyeipenda ile mashine kama mimi alikuwa paka wa Mama Jeruto. Kila asubuhi ya baridi alipita dirishani, akajilaza nyuma ya seva mahali hewa moto inapotokea, akalala mpaka saa ya kwenda kula kwao. Mama Jeruto alisema hata paka amepata tabia yangu ya kutotoka nyumbani.

Aliyenifundisha kuwasha mashine ni Mzee Karanja. Mimi niliingia kiwandani na cheti cha kidato cha nne, nikawekwa stoo ya magunia, na nikahamishiwa chumba cha kompyuta kwa sababu mwandiko wangu ulisomeka. Karanja alinikuta nimesimama mbele ya swichi, kidole tayari. Alinishika mkono kama mtoto anayetaka kugusa jiko. Akaniambia mashine ikilala, vyuma vyake vinalala pia, na kama ukiviamsha vyote kwa pamoja kila kimoja kitataka stima yake wakati uleule, kama watu kwenye sahani moja ya pilau. Kwa hiyo unaanza na diski. Unahesabu mpaka ishirini kwa sauti. Kisanduku cha kwanza cha stima. Ishirini nyingine. Cha pili. Ishirini. Na kila kimoja kina soketi yake ukutani, hakuna mambo ya ekstensheni. Nilimuuliza kwa nini ishirini na si kumi. Akasema kumi ni ya watu wenye pesa ya kununua nyingine.

Mwaka wangu wa kwanza alinipa seva moja niisafishe. Hiyo ilikuwa na prosesa mbili tu, na kwenye nafasi mbili zilizobaki kulikuwa na kadi za kijani, tupu, hazina chochote juu. Nikaona ni takataka zilizosahauliwa na waliotengeneza. Nikazitoa. Moja nikaitumia kukwangua matope kwenye kiatu, kwa kuwa mvua ilikuwa imenyesha. Seva ikakataa kuwaka kabisa. Karanja aliangalia ndani ya mashine, akaangalia kiatu changu, halafu akanieleza kwamba ishara za umeme zikifika kwenye nafasi iliyo wazi hugonga na kurudi, zikazivuruga prosesa zinazofanya kazi. Ile kadi tupu kazi yake ni kuzipokea na kuzituliza. Niliiosha, nikaikausha, nikairudisha, seva ikawaka. Kwa mwaka mzima nilipochelewa kazini alikuwa ananiuliza kama nilikuwa najikwangua.

Kwa hiyo mkikuta kitu ndani ya mashine kuukuu na hamjui kazi yake, msikitoe. Na mambo mengine machache, niyaseme kabla sijasahau. Vumbi la hapa kwetu mnalijua, linaingia hata kwenye yai. Litoeni kwa brashi laini ya rangi, msipulize kwa mdomo. Mimi nilipuliza, na mate yangu yalifanya kazi ambayo vumbi halikuwa limeweza. Miguu midogo ya chipu ikipinda, inyoosheni kwa ile kalamu ya risasi ya kubonyeza, mkiwa mmetoa risasi. Tundu lake linatosha mguu mmoja kama limepimwa. Kadi za kumbukumbu zikishika kutu, sugueni kwa raba ya shule. Feni inayolia, tone moja la mafuta ya cherehani, nimesema moja. Na visanduku vya stima msivifungue hata kama vimechomolewa tangu jana, kwa sababu vinaweka umeme ndani kama vile mtu anaweka kinyongo.

Hayo yote niliyajua Julai iliyopita. Nayataja ili mjue kwamba msumari haukutokana na ujinga. Ulitokana na uvivu.

Mama Akinyi alikuwa amekwenda Karagita kwa binti yetu, ambaye anafanya kazi kwenye shamba la maua na alikuwa amejifungua. Nikabaki na nyumba peke yangu. Soketi mbili zilizo karibu zilikuwa za televisheni na friji, ya tatu iko jikoni, na mimi safari hii sikutaka kuhamisha kitu kama nilivyozoea. Nikachomeka visanduku vyote vitatu kwenye ekstensheni moja. Kila nikiwasha, fyuzi ya plagi inaungua. Ya kwanza, ya pili, ya tatu. Fyuzi ilikuwa inaniambia kitu, lakini mimi nilikuwa sitaki kuvaa viatu nikanunue nyingine. Msumari ulikuwa kwenye droo.

Lazima niwaeleze upande wa pili wa ukuta kulikuwa na nini, maana hapo ndipo kosa linapoacha kuchekesha.

Mama yake Mama Jeruto alifariki Juni, kule Rongai. Alikuwa na kuku wake, wa madoadoa, shingo tupu, ambao alikuwa akiwachagulia majogoo tangu Mama Jeruto akiwa msichana. Watu walikuja kuomboleza wengi, na wageni wa matanga hawapewi maji matupu. Kuku wakaingia sufuriani mmoja baada ya mwingine, mpaka jogoo. Hakuna aliyekosea, ndivyo inavyokuwa. Siku ya kusafisha nyumba, Mama Jeruto aliinama chini ya kitanda cha mamake akakuta kikapu cha mayai. Alikuja na hicho kikapu Nakuru, na mayai yenyewe kwenye ndoo ya vumbi la mbao, ameikumbatia njia nzima, akayapanga kwenye mashine yake ya kutotolesha, ile ya plastiki ya manjano. Siku ya saba aliyapima kwa tochi, akatoa yasiyo na kitu, yakabaki arobaini na manne. Alikuwa ananipa habari za mayai hayo juu ya ukuta kila asubuhi, kama mtu mwenye mgonjwa hospitali. Siku niliyoweka msumari ilikuwa ya kumi na tano. Vifaranga huanguliwa siku ya ishirini na moja.

Niliwasha saa nne asubuhi, vyote kwa pamoja. Kisanduku kimoja kati ya vile vitatu kilikuwa kimechoka ndani, na kilipopigwa na stima kikaungana chenyewe kwa chenyewe. Fyuzi ingekufa hapo, mambo yaishe. Msumari haufi. Stima ikaendelea kuvutwa mpaka kile kiungio cha ukutani kikaanza kutoa cheche, taa za nyumba zote mbili zikafifia, zikawaka kupita kiasi, zikafifia, zikawaka tena kama jua, halafu giza na harufu.

Mama Jeruto alifika kabla moshi haujamaliza kutoka. Aliniuliza kama ni mimi. Nikamwambia, na Mungu anisamehe, kwamba nafikiri ni kampuni ya stima.

"Na huo moshi kwa dirisha yako, ni wa kampuni?"

Fundi wa stima alikuja, akarekebisha kiungio, akaweka waya mpya. Saa saba stima ilikuwa imerudi. Mashine ya mayai haikurudi. Ile stima iliyokuja kubwa ilikuwa imechoma bodi yake. Niliifungua, chipu ilikuwa nyeusi kama githeri iliyosahauliwa jikoni. Tukapiga simu madukani, tukaambiwa bodi itapatikana baada ya wiki. Mayai hayangoji wiki. Fundi alipofungua plagi yangu akautoa ule msumari. Alimkabidhi Mama Jeruto.

Aliugeuza kwenye kiganja. "Hii ndio imechoma mayai za mama yangu?"

Nikamwambia ndio, ni huo. Aliufunga kwenye pembe ya leso, akautia kifuani, akasema huo ni ushahidi. Mayai yakifa, atamwonyesha Mama Akinyi, kisha pasta, halafu kila mtu atakayeniita fundi.

Tulijaribu kwanza mambo ya akili ya kawaida. Tulitafuta kuku anayeatamia katika majirani wote, tukakosa, kuku haatamii kwa kuombwa. Tukaweka balbu kwenye katoni, lakini balbu za siku hizi zina mwanga bila joto, ukiishika ni kama umeshika glasi. Yeye akataja jiko la makaa, nikamwambia moshi wake utaua mayai na sisi pia. Mayai yalikuwa kwenye blanketi tangu saa nne. Tuliyaficha chini ya kitenge tukamulika moja kwa tochi ya simu, na ndani tukaona kitu kinatikisika, kidogo tu, kama mtu anayegeuka usingizini. Hapo Mama Jeruto akaketi chini kwenye sakafu yangu. Sikuwahi kumwona amekaa nyumbani kwangu bila kukaribishwa chai.

Kisha akauliza, bila kuniangalia, "Paka yangu hulala wapi?"

Wazo ni lake. Nimeagizwa nilitaje hivyo, na ni kweli.

Nilichomoa kile kisanduku kilichoungua. Seva inaweza kuishi na viwili. Televisheni ikatoka, friji ikahamia jikoni, kila kisanduku kikapata soketi yake na fyuzi yake, safari hii nilivaa viatu nikazinunua, na kabla sijafunga plagi Mama Jeruto aliniambia nimwonyeshe. Alizikagua fyuzi zote mbili kwenye mwanga wa dirisha kama anayenunua dhahabu. Tukachukua katoni kubwa, tukaikata mlango upande mmoja, tukaibana nyuma ya matundu ya hewa, ndani tukaweka ukuta mdogo wa kadibodi ili upepo usiyapige mayai moja kwa moja, na sufuria ya maji yenye taulo ndani kwa ajili ya unyevu. Kipimajoto kilitoka kwenye mashine yake iliyokufa. Diski, ishirini. Kisanduku cha kwanza, ishirini. Cha pili, ishirini. Ikanguruma.

Ikatoa nyuzi thelathini. Haitoshi. Yai linataka thelathini na saba na nusu.

Hapa vijana sikilizeni, kwa sababu hii hamtaikuta kwenye kitabu chochote. Prosesa isiyo na kazi hupoa. Ukiipa kazi, huwaka. Nikaiandikia programu fupi ya kutafuta namba ambazo hazigawanyiki, kazi isiyo na mwisho, na nikaipa kila prosesa, wale wazee wangu wa benchi la mbele, nakala yake. Mzee mmoja akifanya kazi, katoni ilisoma thelathini na tatu. Wawili, thelathini na tano na nusu. Watatu, thelathini na saba na kitu, na tukiacha mlango wa katoni wazi upana wa kidole, inakaa palepale. Wanne, tunachemsha mayai. Katika maisha yake yote kiwandani ile seva haikuwahi kupangiwa kazi kwa uangalifu kama huo.

Siku sita tulikuwa na kanuni moja. Mama Jeruto alikuwa na ufunguo wa nyumba yangu, anaingia bila kubisha, anageuza mayai mara tatu kwa siku, na anasoma kipimajoto. Baada ya siku mbili hakuwa ananiita kwa jina. Alikuwa anasema tu, "Toa mmoja, jua limetoka," au "Rudisha, baridi imeingia," nami nilikuwa natoa na kurudisha. Mimi niliyekuwa mkuu wa zamu. Paka alifungiwa nje, akakaa dirishani akitutazama kama mpangaji aliyefukuzwa.

Siku ya kumi na nane tukaacha kuyageuza, kama inavyotakiwa, tukaongeza maji. Siku ya ishirini, saa nane mchana, mayai matatu yakiwa yameshaonyesha ufa na kifaranga mmoja anasikika akilia ndani ya ganda, stima ikapotea mtaa mzima. Hiyo haikuwa kazi yangu. Mama Jeruto alitoka nje akaangalia nguzo, akaangalia majirani, ndipo akaamini.

Ukimya wa ile seva uliniogopesha kuliko mngurumo. Tukachemsha maji kwenye gesi, tukajaza chupa za plastiki, tukazifunga kwa vitambaa vyote vya Mama Akinyi ili zisiyaunguze mayai, tukazizungushia ndani ya katoni, juu tukaweka blanketi langu. Chupa zikipoa, tunabadilisha. Masaa mawili. Aliniambia mambo ya mamake ambayo hakuwa ameniambia juu ya ukuta, na hayo siyaandiki.

Stima iliporudi alikuwa ameshasimama. "Washa."

"Ngoja, Mama Jeruto."

"Ningoje nini? Zinapoa."

Mkono wangu ulikuwa kwenye swichi zote tatu, ya diski na za visanduku viwili, na nakiri kwenu kwamba nilitaka kuzibonyeza pamoja. Nilikuwa na fyuzi mbili tu duniani, zile zilizokuwa ndani ya plagi. Zikiungua sina nyingine, na msumari uko kifuani kwa mwenye mayai. Nikamwomba ahesabu pamoja nami. Akaanza kwa hasira, kwa Kiswahili mpaka kumi, halafu akageukia Kikalenjin, na huko sikuweza kumfuata, lakini nilijua ni ishirini kwa jinsi alivyonikazia macho. Diski moja ikagoma. Ukiipumzisha ya umri huo ghafla inanata. Niliigonga ubavuni kwa mpini wa bisibisi, taratibu, kama Karanja alivyonifundisha, mara mbili. Ikazunguka. Kisanduku cha kwanza. Akahesabu. Cha pili. Akahesabu, na sasa sauti yake ilikuwa imeshuka. Nikawapa kazi wazee watatu. Baada ya muda kipimajoto kikaanza kupanda, na ndani ya katoni yule aliyekuwa analia akalia tena.

Kesho yake asubuhi, saa tatu, vifaranga walikuwa wametoka, wengine wamekauka, wengine bado wamelowa kama waliotoka kuoga. Thelathini na mmoja. Kumi na watatu hawakutoka, na siwezi kuwaambia ni wangapi kati yao ni wa msumari na ni wangapi ni wa Mungu. Mama Jeruto naye hakuniambia. Alimchukua mmoja, wa madoadoa, shingo tupu kama ya mzee aliyenyolewa, akamweka kwenye kiganja, akamfunika kwa kiganja cha pili.

Mimi, mnanijua sasa, niliona ule ndio wakati mzuri wa kumweleza. Nikaanza kumwambia jinsi prosesa nne zinavyogawana kazi, na jinsi ambavyo si kila mtu angeweza kushikilia joto kwa nusu nyuzi na mashine ya umri ule, na kwamba Mzee Karanja angekuwa hai angekuja kuona. Pengine nilikuwa nangoja asante. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akawapanga vifaranga kwenye kikapu kilekile cha chini ya kitanda, akakifunika kwa leso, na ule msumari akauhamishia kwenye mfuko wa sweta. Mlangoni akageuka.

"Baba Akinyi, miaka yote umeshinda kwa nyumba na hii chuma, na ni leo ndio imefanya kazi. Sasa zima, inakula stima. Na msumari hurudishiwi."